Mtu wa bima ameniletea karatasi nitie sahihi, na mguu bado una chuma

FundiWaNjoro aliuliza:

Hamjambo wadau. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Njoro, nashona sare za shule na nguo za akina mama. Mwezi wa Februari nilikuwa natoka Nakuru kununua vitambaa na zipu, giza ndiyo linaingia. Matatu yetu ilikuwa inashindana na nyingine kuwahi abiria. Mbele kulikuwa na lori limeharibika, nusu liko kwenye lami, nusu nje. Taa hakuna, pembetatu hakuna, ni matawi tu yamerushwa nyuma yake, tena karibu mno, ukiyaona umeshafika. Dereva alijaribu kulikwepa akachelewa. Upande wa kushoto nilikokaa ndio uliogonga.

Nilivunjika muundi wa mguu wa kulia. Nikapasuliwa, nikawekwa chuma na skrubu. Daktari wa mifupa anasema mfupa unashika vizuri, ila chuma kitatolewa baadaye, labda mwakani, na huo ni upasuaji mwingine.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikikaa kidogo tu kifundo kinafura, soksi ikitoka inaacha shimo kwenye nyama ambalo halirudi hadi jioni. Nimemchukua msichana anisaidie, namlipa kwa kila sketi, na nikishamlipa hakuna kinachobaki.

Sasa juzi mtu wa kampuni ya bima ya ile matatu alikuja mpaka dukani. Mpole kweli, hata alimnunulia mtoto wangu soda. Anasema watanipa shilingi 150,000, lakini kwanza nitie sahihi karatasi inayosema hayo ni malipo kamili na ya mwisho, na kwamba sitamdai mtu yeyote tena kwa ajali hiyo. Eti Ijumaa ndiyo mwisho, baada ya hapo faili inafungwa. Mume wangu anasema tuchukue, shule zinafunguliwa. Jirani naye ameniletea kijana anayesema anafanya kazi na mawakili, atanishughulikia bila kulipa chochote, pesa ikitoka tugawane nusu kwa nusu.

Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya ripoti ya ajali, ninayo. Lakini imeandikwa matatu peke yake. Lori halimo kabisa, na watu wameniambia lilivutwa likapelekwa kituoni usiku uleule.

Nitie sahihi ama niache?

---

KondaMstaafu alijibu:

Mama, chukua. Nimeshika mlango wa matatu ruti ya Nakuru–Eldoret tangu ujana, abiria niliowaona wakienda kortini wengine walizeeka na kesi. Na usifikiri bima ni serikali. United ilianguka mwaka 2005, Blue Shield ikafuata 2011, na hizo ndizo zilikuwa zimebandikwa kwenye vioo vya matatu nusu ya nchi. Watu walikuwa na hukumu mkononi na hakuna wa kuwalipa. Ule mfuko wa kufidia wenye bima ukiingilia kati, haulipi zaidi ya 250,000 kwa dai moja, hata kama korti ilikupa milioni. Laki na nusu ya leo inalipa karo ya leo.

---

KaraniWaRejista alijibu:

Konda hajadanganya mahali, kampuni zimeanguka na kesi huchelewa. Lakini ushauri wake ni wa mtu aliyepona. Mimi si wakili, nimekuwa karani wa ofisi za mawakili hapa Nakuru hadi nikastaafu, faili za ajali nimezibeba kwa mikono hii. Kwa hivyo nisome kama karani.

Usitie sahihi. Si kwa sababu 150,000 ni kidogo au ni nyingi, hilo hakuna anayeweza kukuambia leo, na yule mtu wa bima analijua. Usitie kwa sababu bado una chuma mguuni. Karatasi hiyo ikishakuwa na sahihi yako, upasuaji wa kutoa chuma ni juu yako, kitanda ni juu yako, na wiki utakazokaa bila kukanyaga cherehani ni juu yako. Tena soma maneno yenyewe: "mtu yeyote". Hapo umemwachilia mwenye matatu, na umemwachilia mwenye lori ambaye hajakutolea hata senti. Wametunga hivyo makusudi.

Na hiyo Ijumaa ni ya kwake, si ya sheria. Sheria ya muda wa kushtaki, sura ya 22, inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya majeraha. Ingekuwa gari la serikali ungekuwa na miezi 12 tu, na hapo ningekuambia kimbia. Lako ni la watu binafsi. Sisemi ulale hadi mwaka wa tatu, mashahidi huhama na simu hubadilishwa namba, ila hakuna faili inayokufa Ijumaa.

Sasa lile lori. Hili ndilo lingenitoa usingizini kama ningekuwa wewe, kuliko hata hizo pesa. Fikiria umemshtaki mwenye matatu peke yake. Wakili wake atasimama aseme: dereva wetu alikuwa anaendesha vizuri, kosa lote ni la lori lililoachwa gizani bila alama. Hakimu akimwamini, umeshinda nini? Aliyekosa hayuko kortini. Lakini wakiwa wote wawili kwenye karatasi, watupiane lawama wenyewe, na korti itagawa: huyu asilimia fulani, yule asilimia fulani. Wewe abiria ulikuwa umekaa, hukushika usukani. Ndiyo maana kesi ya abiria ni nyepesi kuliko ya dereva, mradi tu uwashtaki wote.

Kwa hivyo rudi kituo kilichoandikisha ajali, ukiwa na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Uliza kwa upole afisa aliyechora mchoro wa eneo ni nani, na gari lililovutwa liliandikwa wapi. Omba abstrakti irekebishwe iwe na namba ya lori, na bima yake kama ipo. Ukiwa na namba ya usajili, unaweza kuomba NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nakala ya rekodi ionyeshe gari ni la nani, maana anayeshtakiwa ni mwenye gari aliyesajiliwa pamoja na dereva. Sheria ya Trafiki inamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi athibitishe vinginevyo. Usishangae ukikuta jina la benki limeandikwa pamoja na la mtu, hayo ni ya mkopo. Na sacco, ule ushirika wa matatu, ambayo jina lake limeandikwa ubavuni si lazima iwe mwenye gari, hapo watu hupotea sana.

Kampuni ya bima usiishtaki mwanzoni. Unaipa notisi kwamba unafungua kesi, na hiyo notisi usiisahau kwa sababu bila hiyo inaweza kukataa kulipa hukumu. Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, ndiyo inayoilazimisha kulipa hukumu ya mtu aliyeumia, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo unamfuata mwenye gari mwenyewe. Kwa muundi uliovunjika hutagusa kiwango hicho, kwa hivyo usijali.

Kuhusu kijana wa nusu kwa nusu: mfukuze. Huyo ni broka. Wanazunguka wodini na vituoni, wana orodha ya namba za simu za majeruhi ambayo sijui hupewa na nani, na nikijua sitaandika hapa. Sheria ya Mawakili inakataza kuchuuza wateja namna hiyo, na hata wakili mwenyewe haruhusiwi kukubaliana nawe kwamba atalipwa tu ukishinda. Wakili wa kweli unamwona ofisini kwake, unatafuta jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili kuona kama ana leseni ya mwaka huu, na mnaandikiana malipo. Basi.

---

FundiWaNjoro alijibu:

Karani, Mungu akubariki. Nina maswali. La kwanza, ninawezaje kuthibitisha kipato? Sina risiti, sina akaunti ya biashara. Wateja wananilipa mkononi au M-Pesa. Shule mbili huwa zinanipa oda za sare Januari, hapo ndipo naonekana mtu. Na la pili, kwenye matatu sikuwa nimefunga mkanda. Mkanda ulikuwepo, ila kile kifungio hakikushika, nilijaribu kikaruka. Hilo litaniharibia?

---

KaraniWaRejista alijibu:

Hilo la mkanda watalileta, lazima. Tangu zile kanuni za matatu za 2004, za waziri Michuki, kila kiti cha matatu kinatakiwa kuwa na mkanda, na wakili wa bima atakuuliza kwa sauti tamu, "Shahidi, ulifunga mkanda?" Jibu ulivyoandika hapa, bila kuongeza chumvi: nilijaribu, kifungio hakikushika. Abiria anayepuuza mkanda mzuri anaweza kukatwa asilimia fulani ya fidia kwa kuchangia kuumia kwake. Abiria aliyepewa mkanda mbovu ni kosa la mwenye gari. Kama kuna abiria mwingine wa siku ile unayemjua, chukua namba yake leo, atasema viti vilikuwa na hali gani.

Kipato sasa. Kuna pesa za aina mbili. Za kwanza ni za maumivu na kuumia kwenyewe. Hizo hakimu hukisia kwa kutazama kesi za zamani zenye majeraha kama yako. Hukumu zimejaa kwenye tovuti ya Kenya Law, zinasomwa bure. Tafuta kuvunjika muundi na kuwekwa chuma, utaona korti za Nakuru, Kisumu na Eldoret zimetoa nini miaka ya karibuni. Ukimaliza hapo utajua kama 150,000 ni ofa au ni nauli.

Za pili ni zile ulizotoa mfukoni, na hizi korti ni kali: zitajwe kwenye madai na zithibitishwe moja moja. Risiti ya dawa, magongo, picha za eksirei, ripoti ya daktari. Ulicholipa kwa M-Pesa, omba taarifa ya miamala na utie alama kwa kalamu. Boda ya kukupeleka kliniki, mwambie mwendeshaji akuandikie kwenye kitabu cha risiti, kinauzwa dukani kwa bei ndogo, atie sahihi na tarehe. Kile ambacho SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa, si wewe uliyelipa, usikidai kana kwamba ni chako.

Na gharama ya kutoa chuma! Iandikwe kwenye hati ya madai tangu siku ya kwanza, na ripoti ya daktari iseme kitagharimu kiasi gani. Nimeona watu wakikumbuka mbele ya hakimu wakiwa kizimbani, wakaambiwa hukulitaja. Gharama za matibabu ya baadaye zisipotajwa hazitolewi.

Kuhusu mapato bila karatasi, usikate tamaa. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2005 kwamba nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha mapato, maana kuna Wakenya wengi wanaojipatia riziki bila kuweka rekodi yoyote. Lakini korti haikusema usilete kitu. Leta daftari la vipimo vya wateja, lina majina na tarehe. Leta barua ya zile shule mbili kuhusu oda za sare. Leta M-Pesa ya miezi kabla ya Februari na ya baada, hakimu ataona shimo mwenyewe. Na huyo msichana unayemlipa kwa sketi aandike anapokea kiasi gani, maana hiyo ni pesa inayotoka kwa sababu ya mguu wako.

---

MwanaKondele alijibu:

Mimi niko Kisumu na naongeza jambo moja ambalo Karani hajagusa, kupokea pesa zenyewe. Niligongwa nikiwa nyuma ya boda maeneo ya Mamboleo, bega likavunjika. Wakili nilimpata vizuri, si kwa broka. Kesi ikaisha, bima ikalipa, na mimi nikawa wa mwisho kujua. Nilikuwa napigiwa simu na karani wake, "bado, bima wanachelewesha". Siku niliyoenda mwenyewe kwa ile kampuni kuuliza, nikaonyeshwa tarehe waliyolipa. Ilikuwa kabla ya mahindi ya msimu uliopita kupandwa.

Nilipeleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili na nikapata pesa zangu kwa awamu. Kwa hivyo dada, tangu mwanzo weka kwa maandishi: pesa iingie akaunti ya wateja ya ofisi ya wakili, upewe hesabu inayoonyesha iliyoingia, ada yake, na iliyobaki. Na namba ya kesi iwe kwako, uwe unaangalia mwenyewe inafika wapi.

Lingine kwa wanaopanda boda: pikipiki nyingi zina bima ya kibinafsi tu, haina abiria wa kulipa ndani yake. Ukiumia, bima inasema mteja wetu hakuruhusiwa kubeba nauli, na mwenye pikipiki hana hata ng'ombe. Sheria inalazimisha bima ya abiria kwa gari la kukodishwa au la nauli, lakini mtu akinunua bima ya bei ndogo, wewe ndiye unayegundua ukiwa kitandani. Yangu ilikuwa na bima ya abiria. Nilibahatika.

---

KondaMstaafu alijibu:

Sawa, nimesikia. Lakini Karani, mbona hujamwambia kesi itachukua muda gani? Huyu ana karo.

---

KaraniWaRejista alijibu:

Swali zuri, Konda. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, Nakuru ipo na Kisumu ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake ya 2016 inataja fidia ya majeraha ya mwili kwa jina. Inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na haibanwi sana na kanuni za ushahidi. Siku 60 ni za kwenye karatasi, nakubali, lakini hata zikizidi si miaka ile unayoijua wewe. Akiona dai lake litazidi milioni, aende kwa hakimu wa kawaida. Hawezi kuligawa vipande viwili apeleke kimoja huku na kingine kule.

Ila asifungue kesi kabla ya ripoti ya daktari. Kesi ya haraka yenye ripoti nusu inamalizika haraka ikiwa nusu. Ripoti iandikwe mfupa ukishashika, iseme kama kuna ulemavu wa kudumu na ni asilimia ngapi. Bima nao watataka daktari wao akuone, nenda, ni haki yao. Mwambie ukweli uleule, na umwonyeshe kifundo jioni, si asubuhi kikiwa kimelala.

Na karo, dada, kuna njia ya katikati. Mwandikie mwenye matatu na kampuni yake barua ya madai, uombe walipe gharama za hospitali zenye risiti sasa, huku dai la maumivu na la chuma likibaki wazi. Wanaweza kukataa. Wakikubali, kila karatasi utakayotia sahihi iseme ni malipo ya sehemu, bila kuathiri madai yaliyobaki. Neno "mwisho" likitokea popote, rudisha kalamu.

---

MamaAhero aliuliza:

Samahani kuingilia. Mtoto wangu wa darasa la nne aligongwa na gari dogo akivuka kwenda shule, ni mwaka wa nne sasa. Nimechelewa?

---

KaraniWaRejista alijibu:

Hapana mama. Kwa mtoto, muda hauanzi kuhesabiwa hadi afikishe miaka 18. Mzazi anaweza kushtaki kwa niaba yake hata leo. Lakini usingoje, kadi za hospitali hupotea na mashahidi husahau rangi ya gari. Fungua uzi wako, utaje una nyaraka gani, tutakusaidia.

---

FundiWaNjoro alijibu:

Nimerudi. Kituoni nilimkuta afisa mwingine, akafungua kitabu, na lori limo. Namba yake iliandikwa kwenye ukurasa wa magari yaliyovutwa, haikuhamishwa kwenye abstrakti, basi. Ameniambia nirudi Jumanne kuchukua nyingine, na kwamba hailipiwi. Kuna mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi akaninong'oneza niache "ya chai". Nikaketi tu nikajifanya sijasikia.

Mtu wa bima amepiga. Nilipomwambia nangoja daktari, akasema anaweza kuongea na wakubwa wake wafike 220,000 lakini lazima iwe wiki hii. Nikamuuliza kama hiyo 220,000 ina chuma ndani yake au haina. Akasema atanipigia.

Mume wangu alikuwa karibu anasikiliza. Ndiye ameenda kuchapisha M-Pesa ya mwaka jana. Karani, ile barua ya shule iandikwe na mwalimu mkuu au na mhasibu?

---

KaraniWaRejista alijibu:

Yeyote kati yao, mradi iwe na muhuri wa shule, miaka waliyokupa oda, idadi ya sare na kiasi walicholipa. Na uwaulize kama mwandishi atakubali kuja kortini. Na Jumanne usiondoke kituoni kabla hujasoma namba ya lori herufi kwa herufi.